Ua la Fundi Rangi

"Iache, dada. Usibonyeze kitu chochote tena."

Mdarizi aliondoa mkono kwenye kompyuta upesi, kama aliyegusa sufuria ya moto. Mdogo wake, fundi wa kompyuta, alitega sikio kwenye kasha lile lenye vumbi. Ndani, diski ilikuwa ikigonga: ka, ka, kimya, kisha ka. Ilianza hivyo asubuhi, na mezani mashati ya shule yalikuwa yamerundikana yakisubiri nembo kifuani.

Dada mtu hakuwa na wasiwasi sana. Akiba haiozi, na akiba alikuwa nayo: kila alipomaliza ua au nembo mpya aliinakili kwenye flashi aliyoifunga uzi mwekundu na kuihifadhi kwenye kopo la vifungo. Akaitoa kwa madaha. Mdogo wake akaichomeka kwenye kompyuta yake mwenyewe, akabonyeza faili moja, akabonyeza nyingine. Hakuna iliyofunguka.

"Maua yako yote yamo," alisema. "Ila programu ya kuyasoma haimo. Iko kwa huyu mgonjwa peke yake."

Hapo roho ikamruka. Programu hiyo ndiyo iliyoiambia mashine ya kudarizi sindano iende wapi. Aliyewauzia alishafunga duka zamani, na sidii ya kuiweka programu haikujulikana iliko. Bila programu, mashine ile kubwa ingebaki kuwa meza ya kuwekea chai.

Mdogo wake akaeleza kwamba ipo njia. Wangeweza kuinakili diski nzima kama ilivyo, mwanzo hadi mwisho, mazuri na mabovu, kisha wairudishe yote kwenye diski mpya. Kazi hiyo ingekula siku nzima, na mgonjwa huenda asiifikie jioni. Au wachague sasa hivi zile faili chache ambazo hazijafika kwenye flashi, kazi zisizokamilika na hesabu za wateja, wazinusuru, halafu waanze upya kutafuta programu nyingine. Yote mawili diski isingeyahimili.

Mume wa mdarizi, fundi rangi aliyeachana na ngazi kwa sababu ya magoti, alikuwa akipiga pasi mashati. Akatia neno kabla hajaulizwa.

"Chukueni hizo chache. Mtu akihama habebi na jalala."

"Hapa hatuhami, shemeji. Hapa tunaibeba nyumba yenyewe."

Mume akashikilia kwamba mle ndani mmejaa michezo ya karata na uchafu wa miaka. Mkewe akamtazama kwa mshangao. Mtu huyu hutunza hata makopo matupu ya rangi, leo takataka zimemkosea nini? Lakini hakuwa na nafasi ya kuchunguza. Akasema ibebwe yote.

Siku ikajikokota. Diski iligonga, ikanyamaza, ikaendelea, na kila iliponyamaza mdarizi aliinama kuitegea sikio. Mwishowe akachukua sindano ya mkono akaanza nembo ya shati moja, akafurahi kuona vidole havijasahau. Mdogo wake alipotoka kununua diski mpya, mume alileta chai, akaketi karibu, akamwita kwa jina ambalo hakulitumia mbele za watu.

"Kito, tulianza na sindano moja. Ikibidi tutarudi pale pale."

Haikubidi. Jioni kompyuta iliamka na diski mpya, na kila kitu kilikuwa mahali pake, hata saa yake iliyozoea kudanganya. Programu ikafunguka. Mdarizi akacheka peke yake, machozi yakimlengalenga. Kilichobaki ni kuijaribu mashine, na mdogo wake hakutaka kuchezea kazi ya mtu. Akatafuta faili isiyo na maana, akaipata kwenye folda ya karata, haina hata jina. Mume akasema anakwenda kuanua nguo.

Wakatandika kitambaa chakavu. Sindano ikaanza kushona, na ua likatokea polepole: petali nene, moja juu ya nyingine, shina limepinda.

"Dada, hii ni kabichi?"

"Si kazi yangu."

Kisha, chini ya kabichi, zikaja herufi. K. I. T. O ya mwisho ilikuwa imening'inia kidogo.

"Kito ni nani?"

Dada yake alikuwa amekumbuka mwaka ule alipovunjika mkono, mume akamlindia chumba cha kazi na mashine wiki kadhaa. Alipopona alipewa kilemba cha dukani, kitupu, hakina hata ua. "Nilitaka kukupa kingine," alisema mume siku ile, "kikagoma." Naye hakumuuliza zaidi.

"Imekubali?" Sauti ilitoka uani. Mwenyewe hakuingia.

"Imekubali."

Akamwambia mdogo wake aende akanawe, chakula kipo. Akafungua kabati, akatoa kile kilemba, akakitandika chini ya sindano na kukinyoosha kwa viganja viwili. Akachagua uzi mwekundu.

Uani, fundi rangi alisimama na nguo mikononi, akisikiliza mashine ikianza tena.