Wazazi wa Mwisho wa Tuta

Mama mkwe wangu ana bitiruti zake, na nyumba nzima tunaishi kwa masharti yake. Mbegu aliachiwa na mama yake, madukani hazipo. Ni bitiruti ndefu, nyeusi kwa nje, ndani nyekundu kupita kiasi. Kila mavuno huchagua chache zilizonyooka, akazifukia tena mwisho wa tuta ili baadaye zitoe maua na mbegu. Hizo anaziita wazazi. Msimu huu mbegu za akiba alizipanda zote, kwa hiyo wazazi ndio waliobaki kushika ukoo.

"Mzazi haguswi," husema, huku akinitazama mimi kana kwamba ni mbuzi.

Nami nilikuwa na donge langu moyoni. Mimba mbili zimeniharibikia katika nyumba hii. Ile ya pili, hata kitandani sijainuka sawasawa, nilimsikia uani akiwapa wazazi wake wa udongoni pole ya jua. Mimi hakuniambia pole. Lilinikaa hilo.

Safari hii mimba ilivuka pale zilipokomea zile nyingine, na woga ukakua nayo. Niliogopa ngazi, niliogopa kupiga chafya, niliogopa hata kufurahi.

Jumamosi tulivuna. Mama aling'oa, mimi nikakalia ndoo nikikata majani, maana alinikataza kuinama. Jioni akachemsha sufuria tele, akanimenyea mwenyewe.

"Kula, uongeze damu."

Nikala mpaka vidole vikawa vyekundu.

Asubuhi chooni nilitazama chini. Nyekundu. Wala si tone, ni mkojo mzima. Nikasema basi, ndiyo imekuja tena. Nikabaki kugonga mlango kwa ndani kama mtu aliyefungiwa.

Mama akafungua, akaona. Alinifunga shuka kiunoni, akamwita jirani mwenye gari.

"Tangulieni. Nakuja."

Hakuja. Njia nzima nilishika tumbo kwa mikono miwili, huku namlaani kimoyomoyo. Mjukuu wake anamwagika, yeye kabaki na tuta lake!

Kliniki, muuguzi alinipa kikopo, akachovya kijiti cha kupimia, akakitazama, akanitazama.

"Hakuna damu hapa."

"Dada, nimeona kwa macho yangu."

"Jana ulikula nini?"

Nikamwonyesha vidole. Alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Akasema wako watu ambao bitiruti huwapita na rangi yake hadi kwenye mkojo, hasa wakiwa wamepungukiwa damu kama mimi, na wengine huzila maisha yote wasione kitu. Kisha akaniwekea kipimo tumboni, tukasikia moyo wa mtoto ukienda mbio. Nililia kwa sauti, bila haya.

Nilirudi na hasira zangu nimezipanga vizuri. Nikakuta moshi uani.

Mama alikuwa amepiga magoti mwisho wa tuta, mikono myekundu hadi viwikoni. Tuta lilikuwa tupu. Mavuno ya jana, gunia zima, yalikuwa motoni. Wazazi walikuwa wamekatwakatwa kwa jembe, mabua yao ya maua mabichi yakifuka juu ya makaa.

Hakugeuka. "Nimekulisha kwa mkono wangu," alisema. "Niliogopa kuja kusikia watakachokuambia. Mama yangu kaniachia sumu, nami nikaimenya."

"Mama, si sumu. Ilikuwa rangi tu. Mtoto mzima, nimemsikia."

Akageuka, akanitazama tumboni kwanza, usoni baadaye. Akakaa chini palepale kwenye mavumbi, akafunika uso kwa ile mikono.

Hasira zangu sijui ziliishia wapi. Nilipekua majivu kwa kijiti, nikatafuta hata kipande kinachofaa kufukiwa tena.

"Hakuna kilichobaki?"

"Hakuna."

"Na wazazi je, mama? Wazazi wako?"

Alininyang'anya kile kijiti, akakitupa. Akainuka, akanishika mkono.

"Mzazi ni wewe," alisema. "Toka hapa juani. Pole, mwanangu."