Jasho la Jirani

Saa nne asubuhi, watu wa ofisi wakiwa bado wanapuliza chai, mwanamke aliyekaa karibu na dirisha aliona jambo kwenye skrini yake, akaweka kikombe chini polepole kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Kazi yake ilikuwa kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta, ile sehemu ya chini kabisa inayogawa zamu: programu hii ifanye kazi sasa, ile isubiri. Ndani ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, walioitengeneza wameweka vihesabio vidogo vinavyohesabu kila hatua inayopigwa. Miezi minane mama huyu alikuwa akikifundisha kiini kuvisoma vihesabio hivyo, ili ijulikane programu ipi inakula nguvu za mashine bure. Alipomaliza alimshukuru Mungu, na wenzake wakampa jina: Mama Mita.

Wiki ya kwanza tu mita zake zilimnasa mtu. Fundi mmoja mpole, mtu wa kumsalimia hata mlinzi kwa mikono miwili, ndiye aliyeandika programu ya kuhifadhi mafaili. Mita zikasema programu yake inakula nguvu kuliko zote. Ofisi nzima ikaangua kicheko, ikambandika jina la Kobe. Mama Mita naye alicheka. Na leo saa nane mchana mkuu wa mafundi alikuwa ameitisha kikao cha kuing'oa kazi ya Kobe, miaka mitatu ya kichwa chake, mahali pake iwekwe nyingine.

Sasa asubuhi hii, kwa kujaribu tu, Mama Mita alikuwa ameandika programu ya mistari michache isiyofanya lolote. Inaamka, inalala. Akaifungia mita. Ilitakiwa isome karibu na sifuri. Ikasoma mamilioni.

"Wewe umelala fofofo," akaiambia, "hizo hatua kazipiga nani?"

"Dada, unaongea na mashine?" Kobe akamuuliza kutoka meza ya pili. "Ikijibu uniite."

Siku nyingine angemrudishia utani. Leo aliinamia tena skrini.

Alifuata mstari kwa mstari mpaka saa sita. Prosesa ile ilikuwa na vyumba vinne vya kazi, kila chumba na vihesabio vyake. Programu ikipumzishwa, alikuwa amekumbuka kuisimamisha mita yake. Lakini kiini kikiihamisha kutoka chumba hiki kwenda kile, hapo alisahau. Mita ilibaki chumba cha zamani ikiendelea kuhesabu, na jasho la aliyeingia likaandikwa kwa jina la aliyehama.

Akaongeza mistari saba, akapima upya. Aliyelala akasoma karibu na sifuri. Akampima Kobe, hesabu ikashuka zaidi ya nusu. Mlaji mkubwa alikuwa programu ya kutuma data kwenye mtandao, na hiyo iliandikwa na mkuu wa mafundi kwa mkono wake mwenyewe.

Mama Mita akashika kichwa. Angeweza kuiingiza ile mistari saba kimyakimya baada ya kikao. Nani angejua? Kobe angekuwa ameshang'olewa, na mita zingetoka na toleo jipya la mfumo zikiwa na sifa zao.

Akatoka kwenye ngazi za nyuma, akampigia mama mkwe wake, mjane aliyepangisha vyumba vitano uani kwake. Akamweleza.

"Kumbe kama yule fundi cherehani wangu," akasema mama mkwe. "Kahamia chumba cha pili, mita ya umeme ikabaki kwa jina lake, na aliyeingia anapiga pasi kutwa nzima!"

"Ndivyo hivyo, mama."

"Na ukamsema mtu kwa ajili hiyo?"

"Nilimsema."

"Faraghani?"

"Mbele za watu."

"Mwanangu, mimi hayo ya kompyuta siyajui. Ila Mungu umjuaye wewe ndiye ninayemjua mimi. Haya, nenda, mboga yangu inaungua."

Saa nane walikaa watano kwenye chumba kidogo, feni ikilalamika juu. Kabla mkuu hajafungua mdomo, Mama Mita alisimama.

"Mzee, kazi ya hifadhi haina kosa tulilolisema. Kosa ni langu." Akaeleza yote, bila kujipunguzia.

Mkuu akavua miwani. "Sasa huyo aliyeingia chumbani ni nani?"

"Ni wewe, mzee."

Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akaona viatu vyake vina vumbi.

"Nipime hapa hapa," akasema mkuu.

Akampima mara tatu. Mara zote tatu, yeye.

"Aisee!" Mkuu akajikuna shingo. "Nimekula mimi, kalaumiwa mwenzangu. Basi, kazi ya hifadhi inabaki. Yangu nitaifumua mwenyewe. Lakini mita zako, mama, hazitoki na toleo hili. Zikakae kwanza zipimwe zenyewe."

Toleo lingine lilikuwa baada ya mwaka. Mama Mita alilijua hilo kabla hajasimama.

"Ni haki, mzee."

Wenzao walipotoka, yeye na yule fundi mpole walibaki wakikusanya karatasi.

"Nilikucheka," akasema Mama Mita.

"Nilikusikia."

"Nisamehe, kaka."

Fundi alizipanga karatasi zake zikalingana kingo, akazipanga tena. Kisha akavuta kiti karibu na kompyuta ya Mama Mita.

"Yamekwisha, dada. Ila niambie ukweli, hesabu yangu halisi ikoje?"

"Bado mzito kidogo. Kuna mahali unasoma faili moja mara mbili."

"Mara mbili? Mimi?"

"Mara mbili."

"Wapi? Nionyeshe."