Kivuli cha Mwezi wa Sita

Asubuhi ile Immaculée aliinama juu ya mihogo yake, akavunja kipande kimoja, akakinusa. Ukungu tena. Muhogo ukishatolewa majini hutaka jua kali la kiangazi, la sivyo unga wake hata kuku huukimbia. Na uwanja wake, ukanda mwembamba nyuma ya nyumba alioachiwa na marehemu mumewe, haukuwa umeona jua la kutosha tangu Pasaka.

Jua lilikuwepo. Lilikuwa nyuma ya nyumba ya ghorofa ya jirani yake Anatole, kaskazini, upande wa Uvira.

Anatole alijenga mwezi wa kumi na moja. Ukuta ulipofika usawa wa kichwa, Immaculée alilalamika kwamba atazibiwa jua, na Anatole, mtu muungwana sana akitazamwa, akamwita Shefu Henri wa mtaa aje saa sita mchana ajionee. Kivuli kilikuwa kimelala ndani kwa Anatole, kimetulia kama mbwa wa nyumbani.

"Unaona, Mama?" akasema Anatole. "Kivuli yangu inabaki kwangu."

Immaculée akakubali mbele ya majirani. Upande ule hapakuwahi kuwa na kitu kirefu, na hakuna anayejifunza tabia za kivuli asichokuwa nacho. Hilo ndilo lililomuuma kuliko ukungu, kwamba alikubali kwa mdomo wake mwenyewe.

Mwezi wa tatu kivuli kikavuka mpaka. Wa sita kikawa kimefunika uwanja wote. Alipokwenda kulalamika, Anatole alimjibu bila kushuka ngazi: "We ulikubali. Bantu baliona."

Basi asubuhi ile Immaculée akatupa kile kipande cha muhogo, akapiga magoti kwenye ukingo wa kivuli, akaingiza kucha chini yake, akaanza kukikunja kama mkeka. Kilikuwa kizito kama blanketi lililolowa, nacho kilinuka saruji. Akakifunga kamba, akajitwika, akaenda kukibwaga mbele ya lango la Anatole. Kwa hasira aliyokuwa nayo hakuhisi hata shingo. Jua likaingia uwanjani, na kufikia mchana mihogo ilikuwa imeanza kukauka.

Anatole akaenda kushtaki. Wizi wa kivuli. Kesi ya ngedere akapewa nyani: Shefu Henri alikuwa amemalizia jiko lake kwa matofali yaliyobaki kwenye ghorofa ile. Akaja palepale uwanjani, pamoja na fundi aliyejenga na Mwalimu Patrice anayefundisha jiografia.

"Rudisha kwanza, tupime," akaamuru Shefu.

Immaculée akakikunjua. Kilienea kidole kwa kidole. Kikagusa ua wa mwisho, kikapinda vizuri kwenye kona ya choo, hakikupungua wala hakikuzidi. Majirani walikitazama jinsi watu wanavyoitazama nguo iliyomkaa mwenyewe.

"Nilipima kwa mwezi wa sita," akaeleza fundi, wala hakuulizwa. "Papa Anatole alisema ijaze lupango yote, uwanja muzima wa Mama."

"Muntu anajenga na akili," akasema Anatole.

Mwalimu Patrice akaombwa aeleze. Akasema dunia inalizunguka jua huku imeinama, na mwaka mzima hainyooki. Kwa hiyo aliyesimama hapa Baraka huliona jua likihamia kusini, upande wa Kalemie, mwishoni mwa mwaka, kisha likirudi upande wa Uvira wakati wa kiangazi, na vivuli hukimbilia upande wa pili.

"Jua iko palepale," akamalizia. "Ni siye tunatembea."

"Mumesikia!" akasema Immaculée. "Alijua. Alinionyesha kivuli ya mwezi wa kumi na moja, akanificha ya mwezi wa sita."

Shefu alitazama ardhi chini ya viatu vyake.

"Papa Anatole hakusogea," akasema. "Nyumba haikusogea. Dunia ndio ilisogea. Sasa mi nitaita dunia hapa namna gani?"

Akahukumu. Kivuli ni mali ya aliyekijenga, na kukikunja bila ruhusa ni wizi. Kwa kuwa Mama Immaculée amethibitisha kwamba anakiweza, yeye ndiye atakayekitunza, na kikiharibika mkao atakinyoosha. Tena pale mali ya mtu ilipolala kwa idhini ya jirani, mwenye mali ana haki ya kukaa nayo. Majirani wakasema ni sawa. Mmoja aliuliza kama kivuli cha mpapai wake nacho kingeweza kubebwa, akaambiwa ajaribu mwenyewe.

Jumapili, baada ya ibada, Anatole na jamaa zake walileta viti vya plastiki na soda, wakaketi kwenye ubaridi uwanjani kwa Immaculée. Mihogo waliisukuma kando kwa miguu. Immaculée aliwachukia mmoja mmoja, kuanzia Anatole hadi kitoto cha mgongoni, na hakuona aibu kwa hilo. Alasiri dunia ikazidi kugeuka, na kiatu kimoja cha Anatole kikabaki juani.

"Mama Immaculée," akaita, akiendelea kunywa, "vuta kidogo. Jua inanichoma muguu."

Immaculée akapiga magoti, akavuta.