Bastola Moja ya Kwenda Mjini

Delmar Hruska alikuwa na bastola saba na hakuwa na haraka. Mkewe Arvilla alikuwa na figo mbili zilizogoma, na haraka aliyokuwa nayo ingewatosha wote wawili.

Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi aliendeshwa mjini kusafishwa damu. Ilikuwa saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, na hapo ni barabara ikiwa haina theluji. Majira ya baridi yaliyopita walikwama katikati ya mbuga za Nebraska, Delmar akiwasha na kuzima injini ili wasigande, mpaka trekta la kaunti lilipokuja kuwachimbua. Daktari alisema wahamie mjini kabla baridi haijarudi. Nyumba ya kupanga ikapatikana, vyumba viwili ghorofani, karibu kabisa na hospitali. Mnunuzi wa shamba naye akapatikana, akataka sahihi zao kufikia Jumatatu. Sahihi ya Arvilla ilikuwepo. Ya Delmar ilikuwa inangoja achague bastola.

Maana kasha lake la chuma, kubwa kama jokofu, lisingepanda ngazi za ile ghorofa hata kwa kusukumwa na fahali. Kabati la mjini lilikuwa na nafasi ya kisanduku kimoja kidogo cha kufunga kwa ufunguo, na kisanduku chenyewe kilimeza bastola moja. Zilizobaki angepewa mtoto wao Gaylen.

"Moja tu," Arvilla alimwambia tangu mwezi wa sita. "Ile unayoipenda kuliko zote, ya kwenda kulengea makopo Jumapili. Haiwezi kuwa kazi."

Ikawa kazi. Kazi yenyewe ilifanyika juu ya meza ya jikoni, pale pale Arvilla alipokuwa akisukumia unga, na kufikia mwezi wa tisa kila kitu ndani ya nyumba, hadi siagi, kilinuka mafuta ya bunduki. Delmar alizipima kwenye mizani ya keki. Alizishika moja moja mbele ya kioo cha ukumbini, amebana tumbo. Usiku aliota, asubuhi akatangaza mshindi, na kabla ya chakula cha mchana mshindi alikuwa ameshavuliwa taji.

"Huelewi, mke wangu," alisema. "Mtu akibakiwa na moja, lazima iwe inaweza kila kitu."

"Kila kitu gani? Unaua makopo ya maharage, Delmar. Tena matupu."

Arvilla hakuwa mjinga. Alijua kwamba mradi bastola haijachaguliwa, karatasi haisainiwi, na mradi karatasi haijasainiwa, mzee huyu ataendelea kuamka na kuona ng'ombe wa jirani dirishani badala ya maegesho ya magari. Alilijua hilo na lilimuuma. Lakini halikumpunguzia hasira hata chembe, kwa sababu mwenye kuchomwa sindano alikuwa yeye.

Jumapili ya mwisho kabla ya ile Jumatatu, wakaenda kwenye shimo la kokoto.

Hapo ndipo wazee wa upande ule walipokuwa wakipigia shabaha tangu wakiwa vijana, na walikuwa na desturi yao. Mwenzao akihamia mjini, analeta bastola zake zote na kuzipanga juu ya meza ya mbao. Wenzake wanamzomea mpaka wachoke. Kisha anataja ile atakayoondoka nayo, na anafyatua risasi sita kwenye vile visahani sita vya chuma vinavyoning'inia kule mwisho wa shimo. Akishafyatua, neno limekwisha, na anayebadili mawazo baada ya hapo hachekwi tena usoni, anachekwa kanisani. Baada ya hapo wote wanakula maharage ya nyama na pilipili pamoja na mikate ya mdalasini, maana Nebraska huwezi kumzika mtu wala kumuaga bila hivyo viwili.

Waliokuja walikuwa wawili. Lyle Kopecky, aliyerithi duka la zana la baba yake, na Royce, jirani yao, ambaye tangu mkewe afariki hakuwa na mtu mwingine wa kubishana naye.

"Haya, bwana harusi," Royce alisema akiangalia meza. "Wachumba wote wamefika. Huyu mwenye meno ya tembo umewahi kumgusa?"

Alikuwa anaonyesha bastola ndefu yenye mpini mweupe, iliyolazwa kwenye kitambaa cha hariri kama maiti ya askofu.

"Hiyo haipigwi," Delmar alisema. "Ukiipiga inashuka thamani."

"Kwa hiyo unataka kwenda nayo uwanja wa shabaha ukaitazame."

"Nimesema naichagua?"

"Na hii kubwa?" Lyle aliuliza. "Hii ambayo kila ukiifyatua unafumba macho."

"Sifumbi macho."

"Anafumba," Arvilla alisema kutoka kwenye kiti chake cha kukunja, bila kuondoa macho kwenye chupa ya chai. "Na midomo pia."

Wakapita kwenye ile fupi isiyolenga kitu zaidi ya viatu vyako, na ile kongwe ambayo silinda yake ililegea kama jino la babu. Mwisho kabisa mwa meza palikuwa na kijibastola cha risasi ndogo, kile cha kufundishia watoto, chenye rangi iliyobabuka. Hakuna aliyekizungumzia.

Delmar akakohoa. Akavua kofia, akaivaa tena. Kisha akaweka mkono juu ya bastola nyeusi iliyong'aa katikati ya meza, ile ambayo Arvilla alikuwa ameisikia ikisifiwa kuliko alivyowahi kusifiwa yeye.

"Ni hii," alisema. "Inakula risasi fupi na inakula ndefu. Lakini mimi siku zote naipa ndefu, zile zinazorusha mkono. Zile fupi ni za watu wenye mikono ya kushikia vikombe vya chai."

"Siku zote?" Royce aliuliza.

"Siku zote."

Lyle, ambaye macho yake yalikuwa yameshaanza kulowa, akatoa mfukoni boksi jipya la risasi ndefu. "Zawadi ya kukuaga, mzee. Zipige hizi."

Delmar alilitazama lile boksi kama mtu aliyepewa mtoto wa mtu. Akafungua silinda, akachukua risasi ya kwanza, akaitumbukiza. Iliingia kidogo, ikasimama. Akaijaribu kwenye tundu la pili. Ikasimama pale pale. Akasukuma kwa kidole gumba mpaka kucha ikawa nyeupe.

"Risasi zako zina kasoro, Lyle."

"Risasi zangu mpya? Hebu lete."

Lyle akaitwaa ile bastola, akaitoa risasi, akaangalia matundu ya silinda juani. Akampa Royce. Royce akaangalia, akaanza kucheka polepole, kuanzia tumboni.

"Lo! Masizi haya! Yamejipanga kama pete, pale pale inapoishia risasi fupi, ndiyo maana ndefu haipiti. Delmar, wewe! Hii silinda haijaonja risasi ndefu tangu tuache kuvuta sigara. Miaka yote unatutukana hapa, kumbe unapiga risasi za mikono ya kushikia vikombe vya chai!"

Arvilla alidhani angefurahi. Badala yake alimtazama mumewe, masikio yamemwiva kama nyanya, na akakumbuka kwamba mkono wa kulia wa Delmar uliwahi kuvunjwa na lango la ng'ombe, na kwamba tangu hapo hawezi kufungua chupa ya achari. Hakuwahi kumwambia mtu. Alichagua kusema uongo miaka yote kuliko kusema mkono unauma. Upuuzi ulioje, akawaza, na ni upuuzi huu huu unaoniweka mimi kwenye theluji.

"Basi," Delmar alisema, akijikusanya. Akatembea hadi mwisho wa meza na kukiinua kile kijibastola kidogo, uso wake umejaa hekima ya ghafla. "Nilikuwa nawajaribu. Mtu akikomaa anarudi kwenye kidogo. Hakipigi kelele, hakirushi mkono, unapiga mchana kutwa huchoki. Hiki ndicho ninachoondoka nacho. Moyoni nilijua tangu mwanzo."

Lyle akavua kofia. Royce akaacha kucheka. Ilikuwa hotuba nzuri.

"Hicho si chako," Arvilla alisema.

"Nini?"

"Hicho ni changu. Nilikinunua kwa mshahara wangu wa jikoni shuleni, ukiwa umekwenda kuchimbia mabomba ya mafuta. Kulikuwa na nyoka kwenye banda la kuku na hakukuwa na mume. Wewe ulikikuta kwenye droo, ukakiweka kwenye kasha lako, ukakihesabu."

Delmar akamgeukia Lyle kama mtu anayekata rufaa.

"Ni kweli, mzee," Lyle alisema, akiona aibu kwa niaba yake. "Nilikuwa kijana wa kaunta pale dukani. Mimi ndiye niliyemfungia."

Arvilla alinyanyuka. Mkono wa kushoto, wenye ule mshipa uliovimba wa kusafishia damu, hakuruhusiwa kuubebesha kitu, kwa hiyo alimwachia Royce kazi ya kujaza risasi. Akasimama kiubavu, akanyoosha mkono wa kulia peke yake, akafyatua bila papara. Visahani vinne vikalia. Viwili havikulia, na hakuvitafutia sababu.

"Nimefyatua," alisema. "Si ndiyo desturi? Neno limekwisha. Kisanduku kina nafasi moja, na nafasi imejaa. Gaylen aje achukue hizo nyingine na vitambaa vyao."

Delmar alisimama katikati ya bastola zake sita kama mtu aliyealikwa kwenye harusi isiyo yake. Upepo ulikuwa umeanza kuwa na ncha. Aliangalia mbali, kule barabara ya mjini inakopotelea, kisha akaangalia ule mkono wenye mshipa.

"Na mimi je?" aliuliza, kwa sauti ndogo kuliko zote alizowahi kutumia kwenye lile shimo. "Kule mjini. Utaniachia nikipige?"

"Ukiniomba vizuri." Akatoa karatasi ya shamba kwenye mkoba wake, na kalamu ikiwa imeshafunguliwa. "Anza na hii."

Delmar alisaini juu ya boneti ya gari, karatasi ikipepea, Royce akiibana kwa kisahani cha maharage. Hakuna aliyemzomea.

Wakiwa njiani kurudi, walipofika kwenye daraja, Delmar aliuliza:

"Jumamosi hii tunaweza kwenda kulenga makopo?"

"Jumamosi nasafishwa damu."

"Jumapili basi."

Arvilla alifunga macho, kichwa kwenye kioo. "Hujaomba bado," alisema. "Umeuliza."