Kondoo wa Ngurario

Kila asubuhi, kabla Daktari Muriithi hajafika, Wachuka, msaidizi wake, alichemsha sindano katika sufuria ya alumini, akazipanga juu ya kitambaa safi, kisha akanywa chai yake amesimama dirishani. Asubuhi hiyo ya mwaka wa ukame, 1984, kabla maji hayajatokota, mlango wa kliniki ya mifugo pale Karatina ulisukumwa na wilibaro.

"Nisaidie, msichana wangu! Huyu ananifia."

Alikuwa Mama Mathenge, jasho likimtiririka. Ndani ya wilibaro, juu ya gunia, kondoo dume alilala akitetemeka.

"Amepatwa na nini, mama?"

"Ati mimi najua? Mwili ni baridi tu, hataki kusimama. Na mwisho wa mwezi ni ngurario ya Mathenge wangu. Nitaenda kwa wakwe na nini, na paka?"

Wachuka alicheka, lakini kicheko kilimkauka alipotia mkono ndani ya manyoya. Mbavu zilihesabika moja moja. Kondoo aligeuza shingo polepole, akaanza kutafuna pindo la aproni yake.

"Anakula?"

"Kunishinda mimi!"

Hivyo ndivyo walivyojibu wote walioleta kondoo wao majuma hayo. Kondoo wa ngurario, wa kuchinjwa kwenye harusi ya kimila, hapelekwi malishoni. Hufungiwa ndani ya nyumba ya mama, akaletewa majani ya viazi vitamu mpaka ashindwe kutembea kwa unono. Unono huo ndio sifa ya mwanamke. Ni nani angekiri mbele ya majirani kwamba kondoo wake amekonda? Lakini Wachuka alipita njia hizo hizo kila siku. Mashamba ya viazi vitamu yalikuwa vumbi tupu.

Daktari Muriithi aliingia akipiga mluzi, akawapita wenye mifugo waliokuwa wameanza kujaa kwenye benchi. Alipomwona kondoo, uso ukamng'aa.

"Mwingine! Nilisema, Wachuka. Ni ugonjwa wa tezi."

Damu ya kondoo wa kwanza aliyoipeleka Nairobi ilikuwa imerudi na majibu kwamba homoni za tezi ya shingo zimeshuka mno. Daktari akaagiza vidonge vya homoni hiyo. Kondoo wa Mzee Gicheru, wa kwanza kutibiwa, alivimeza, akainuka, akazunguka ua kama mwanakondoo, na watu wakapiga makofi. Siku ya tatu alikufa, mifupa mitupu.

"Alichelewa kuletwa," Daktari alisema.

Wachuka alikuwa amefundishwa chuoni kwamba mnyama akikosa chakula, homoni hizo hushuka zenyewe. Mara ngapi alijaribu kusema? "Daktari, labda hizo homoni..." alianza siku moja, naye akamkata, "Labda haiponyi mtu, Wachuka. Chemsha sindano." Basi akachemsha sindano. Maneno aliyoyapanga njiani kila asubuhi alirudi nayo nyumbani, akijichukia jioni nzima.

"Mshike kichwa," Daktari alisema sasa, akifungua chupa.

Wachuka alimshika. Chini ya taya kidole chake kilipata mshipa. Pigo. Kimya kirefu. Pigo. Kidonge kilipokaribia, aliufunika mdomo wa kondoo kwa kiganja.

"Toa mkono."

"Hapana, Daktari."

Waliokuwa kwenye benchi waligeuza shingo.

"Tezi haiugui. Imepunguza kazi makusudi, kama mama anavyoshusha utambi wa taa mafuta yakikaribia kuisha. Ukimpa hicho utapandisha utambi, na mafuta hakuna. Atachoma nyama yake iliyobaki, kama yule wa Mzee Gicheru. Huyu ana njaa."

"Njaa! Mwenyewe amesema anakula. Si ndiyo, mama?"

"Ati njaa!" Mama Mathenge alipiga ukingo wa wilibaro. "Kondoo yangu? Wewe ni mtoto wa nani, wa kunitukana mbele ya watu?"

"Pole, mama. Sikutukani." Machozi yalimlengalenga Wachuka, lakini mkono hakuutoa. Kondoo alikuwa akiulamba, akitafuta chumvi, akitafuta chochote.

Daktari alikuwa angali ameshika kidonge. "Sema, mama. Nimpe au nisimpe?"

Mama Mathenge aliutazama ule ulimi uliokuwa ukienda na kurudi kwenye kiganja cha msichana. Aliinua ncha ya leso, akaiacha.

"Nampa maganda," alisema.

"Maganda ya nini?"

"Ya viazi, tukipata viazi. Nikikosa, namkatia gunia nalichovya kwa maji ya ugali, anatafuna, nasema ameshiba. Na watoto pia nasema wameshiba." Aligeuka akalikabili benchi zima. "Hajala, Daktari. Kwangu hakuna mtu amekula."