Chumvi Imefanya Nini?

Nyumbani kwetu ukisema "Chumvi" mezani, hupewi chumvi. Mume wangu anaweka kijiko chini, anakutazama juu ya miwani, anauliza: "Chumvi imefanya nini?" Mpaka useme, "Baba, naomba unisogezee chumvi," chakula kimeshapoa. Alifundisha Kiingereza maisha yake yote, na wanafunzi wake walimbatiza jina la Kitenzi. Kazi alistaafu, lakini ule ugonjwa haukustaafu.

Tena ana sheria yake: hakuna Kiingereza kinachotoka nyumba hii bila kupita chini ya kalamu yake nyekundu. Barua za maombi, matangazo ya saluni yangu, hata kadi za pole. Nimeishi na kalamu hiyo miaka mingi, ila asubuhi ile nusura niivunje.

Binti yetu kitindamimba alikuwa anatafuta kazi ya uandishi, na hoteli moja mpya ilimpa jaribio. Aandike kwa Kiingereza ukurasa mmoja wa kipeperushi. Wakiupenda, kazi yake. Mwisho wa kuupeleka ulikuwa saa sita mchana. Akaja saluni na karatasi mkononi, macho mekundu.

"Mama, ona Baba alivyonifanyia!"

Nikaona. Mtoto alikuwa ameieleza asubuhi ya hotelini kwa vipande vifupi vifupi. Chai ya moto. Dirisha wazi. Hakuna kengele, hakuna haraka. Baba yake akakipa kila kipande kiima na kitenzi, kama anavisha watoto sare za shule. Chai ni ya moto. Dirisha limefunguliwa. Kengele haipo, na haraka pia haipo. Pembeni, kwa wino mwekundu: "Sentensi pungufu! Nani? Amefanya nini?"

"Hiki ni kipeperushi au ripoti ya polisi?" nikauliza.

Baba mwenyewe akawa ameshaingia nyuma yake, kalamu mfukoni, hana wasiwasi hata chembe. "Sentensi bila kitenzi ni mtu bila suruali," akasema.

"Baba, waandishi wanafanya makusudi!"

"Hata wezi wanafanya makusudi."

Chini ya draya alikaa jirani yetu mshonaji, rola kichwani. Kiingereza anakijua vizuri, maana wateja wake wengi ni wageni. Nikazima draya. "Jirani, hebu sikiliza, utuamulie."

Nikaanza na ya Baba. Nilipofika kwenye "Kengele haipo", mshonaji akapiga miayo, na hapo sitii chumvi hata kidogo. Nikasoma ya mtoto. Kwenye chai akafumbua macho, kwenye dirisha akatabasamu.

"Hoteli hiyo hata mimi ningelala," akasema. Binti akamtupia baba yake jicho la ushindi, nami nikaendelea kusoma kwa mbwembwe: "Unapofika ukiwa umechoka na safari." Nukta.

"Halafu?" mshonaji akauliza.

"Halafu nini?"

"Si nimefika nimechoka? Halafu? Mbona mmeniacha mlangoni na mizigo yangu!"

Uso wa Kitenzi ukang'aa. Binti akaikodolea macho karatasi.

"Hii sikukusudia, Baba," akasema taratibu. "Ilinikatikia tu."

"Na ile ya chai?"

"Ile nilitaka isimame palepale, mtu aonje kwanza."

Mume wangu akaketi kwenye kiti cha wateja, akaisoma karatasi nzima huku midomo ikicheza. Kisha akachomoa ile kalamu. Lakini akaanza kuyakata maneno yake mwenyewe, moja baada ya jingine, mpaka yakabaki ya mtoto. Akachora duara moja tu, kwenye ile sentensi ya safari.

"Hii uimalizie," akasema. "Hizo nyingine hakuna aliyeuliza 'halafu'. Ziache."

Basi mgeni wetu aliyechoka akapewa maji ya moto na kitanda, na karatasi ikafika hotelini kabla ya saa sita.

Jioni tukiwa mezani simu ikalia. Binti alisikiliza, akashukuru, akaiweka chini polepole.

"Wamenichukua," akasema.

Nikapiga vigelegele, wala sikujali majirani. Baba yake akasimama, akashika mgongo wa kiti.

"Mwanangu," akasema.

Tukangoja. Midomo ilimtetemeka, miwani ikaingia ukungu.

"Mwanangu amefanya nini, Baba?" binti akamchokoza, naye machozi yanamlengalenga.

Akatikisa kichwa. "Mwanangu," akarudia. Kisha akakaa, akamsogezea chumvi kabla hajaiomba.