Ujumbe Aliopewa Mama

Dada wawili walikuwa wamenuniana tangu kifungua kinywa, na wakinuniana wao si mchezo. Mkubwa ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mtu wa kengele na mistari iliyonyooka. Mdogo ni msusi, mwenye saluni yake na ulimi usiojua kuchoka. Tangu utotoni, wakikosana hawakutukanana wala kuvutana nywele. Walifanya baya zaidi: walizungumza kupitia kwa mama yao. "Mama, mwambie mwenzangu anisogezee chumvi," na chumvi yenyewe iko katikati ya meza, na mwenzake kakaa pale pale, masikio mazima kabisa.

Mama naye alikuwa opereta wa simu mpaka alipostaafu, tangu enzi zile ambazo hukuweza kumpigia hata mtu wa mtaa wa pili bila kupita kwake. Wanawe aliwachukulia kama wateja wengine tu. Aligeuka upande wa pili akasema, "Anaomba chumvi." Hakuongeza neno, hakupunguza. Nyumba ilikwenda hivyo, na wasichana wale wakakua hivyo, mpaka wakawa wanawake wazima wenye mvi za kupaka rangi.

Safari ilikuwa wazo la Msusi. Wapumzike ufukweni, alisema, walale kwenye viti virefu, waloweshe miguu, kisha siku moja waende kuona magofu. Alisema "kuona magofu" kwa wepesi, kama mtu anayetaka kupiga picha mbili tatu. Ukweli ni kwamba aliifunga safari yote kwa ajili ya magofu hayo. Mama na marehemu Baba waliwahi kuyatembelea mara tu baada ya kuoana, na Mama hakuchoka kusimulia jinsi Baba alivyojigonga paji la uso kwenye mlango mfupi wa jumba la kifalme, akalaani wafalme wote, naye Mama akacheka mpaka akakaa chini mchangani. Siku hizi hasimulii tena. Alianza kupoteza funguo, kisha majina ya watu, kisha miaka mizima mizima. Ilikuwa imepita miezi tangu amwite Msusi kwa jina lake. Alimwita "dada," kama unavyomwita mtu aliyekupisha kwenye foleni. Msusi alikuwa amejiaminisha kwamba Mama akiuona ule mlango, kitu fulani kichwani kitawaka, hata kwa dakika moja, amtazame na kumjua. Hakutaka zaidi ya hapo.

Sasa, asubuhi hiyo hotelini, Mama aliinua macho kutoka kwenye chai yake akauliza, "Mume wangu mbona haji kula?"

"Ametangulia ufukweni, Mama," Msusi akajibu haraka. "Unamjua na bahari yake."

Mwalimu akaweka kikombe chini. "Mama, Baba alifariki. Tulimzika sote, na wewe ulikuwepo."

Mama akalia. Alilia kama mtu aliyepewa habari hiyo kwa mara ya kwanza, na kwake ilikuwa mara ya kwanza kweli. Wahudumu wakasimama na sinia zao. Msusi akamwambia dada yake kwamba ana roho ya jiwe, dada mtu akamjibu kwamba afadhali jiwe kuliko mwongo, na kwamba si Msusi anayeamka usiku kumbadilisha Mama shuka. Baada ya hapo kila mmoja akageukia sahani yake. Mume wa Mwalimu, Shemeji, mtu mnene mpenda amani, akapaka siagi mkate ambao hakuna aliyekuwa na hamu ya kuula.

Kwenda kwenye magofu walikwenda, maana kila mmoja alingoja mwenzake aseme hatuendi. Mji ule wa kale umejengwa kwenye kisiwa kidogo cha mawe karibu na pwani. Maji yakitoka unavuka kwa miguu juu ya mchanga, viatu mkononi. Yakijaa, njia inazama, na kibao kikubwa getini kinakuonya. Walivuka Mama akiwa katikati, kila binti kashika mkono wake, kila binti kaangalia upande wake.

Mlango ulikuwepo. Mfupi vilevile, na jiwe lake la juu limelainika kwa karne za vichwa vya watu. Msusi alimleta Mama mbele yake taratibu, akamwachia, akasogea pembeni ili amwone uso. Alisubiri kama mtoto anayengoja majibu ya mtihani. Mama aliutazama mlango, akautazama ukuta, akachungulia ndani, mahali pasipo na paa wala dirisha.

"Hawa wamehama lini?" akauliza.

"Zamani, Mama."

"Wangefagia kwanza," akasema Mama, akaenda kukaa kivulini.

Hivyo tu. Msusi alibaki amesimama pale mlangoni, na mimi nakuambia, hata aibu ya kulia mbele ya watalii aliisahau. Akajificha nyuma ya ukuta mpaka alipoweza kupumua. Alitaka kuwa peke yake, apande juu kwenye mabaki ya mnara, upepo umpige. Akamwendea Mama, akainama. "Mama, mwambie dada mimi napanda kule juu, nitarudi kwa miguu. Wewe urudi nao kwenye gari. Umesikia?"

"Nitamfikishia," akasema Mama, kwa ile sauti yake ya kazini.

Dakika chache baadaye alikuja Mwalimu, jua limemkaanga, kichwa kinamgonga. Hakumwona mdogo wake lakini alijua yuko karibu, na angekufa kabla ya kumwita. "Mama, mwambie mwenzangu sisi tunatangulia, kichwa kinaniuma. Wewe utarudi naye. Sawa?"

"Nitamfikishia," akasema Mama.

Zamani jumbe zote mbili zingefika, neno kwa neno. Wale wawili walijua Mama hakumbuki mume wake amezikwa. Hata hivyo walimpa ujumbe. Mazoea ya utotoni hayana akili.

Mlinzi alipopiga filimbi kwamba maji yanaanza kurudi, Msusi aliteremka kwa njia ya nyuma, akavuka na watalii wa mwisho, akatembea ufukweni hadi hotelini. Alimkuta dada yake amejilaza kwenye kiti kirefu, kitambaa chenye maji usoni. Mama hakuwepo. Atakuwa kalala chumbani, Msusi akawaza. Angeweza kuuliza. Badala yake alivuta kiti kingine, akajilaza, akampa kisogo. Mwalimu alisikia nyayo, akainua pembe ya kitambaa, akamwona mdogo wake yuko peke yake. Naye akawaza, atakuwa kampeleka Mama chumbani. Angeweza kuuliza. Akashusha kitambaa. Wakalala hivyo, mgongo kwa mgongo, bahari inapanda taratibu mbele yao.

Shemeji ndiye aliyetokea na bilauri ya juisi. "Mkwe wangu yuko wapi? Nimemletea ya baridi."

"Si yuko na…" wakasema wote wawili, kwa pamoja, wakageuka wakatazamana. Yalikuwa maneno yao ya kwanza kwa kila mmoja tangu asubuhi, na hayakuhitaji kumaliziwa.

Walikimbia kama walivyo, peku, Mwalimu na kitambaa chake bado shingoni. Walipofika getini njia haikuwepo. Palikuwa na maji ya kijani yanayopita kwa kasi kati yao na kisiwa. Shemeji aliingia na nguo zake, maji yakamfika kifuani, yakamwondoa miguu, akarudi anakohoa. Kuogelea hajui, na wao hawajui.

"Nilimwona bibi mmoja amekaa," mlinzi akasema, uso umemshuka. "Nikamwambia tunafunga. Akaniambia anasubiri watu wake. Nikajua mko naye."

Boti ya kuvushia watu ilikuwa imepelekwa kutengenezwa injini. Mlinzi akampigia mwenye boti nyingine, ng'ambo ya ghuba. Anakuja, akasema. Anakuja sasa hivi. Ile "sasa hivi" ya watu wa boti, ambayo nyote mnaijua.

Na Mama walimwona. Hilo ndilo lililowaua. Kilemba chake cheupe kilikuwa pale, kwenye ngazi za mawe zinazoshuka kutoka lango la mji hadi majini, akiwa amesimama kwenye ngazi ya kati, anatazama chini. Kama mtu anayetafuta njia aliyojia. Walipaza sauti mpaka zikakauka, na upepo ukazirudisha zote nyuma yao. Mama akashuka ngazi moja.

"Simu!" Mwalimu akapiga ukelele. "Nilimvisha simu shingoni!"

Msusi akapiga. Iliita, ikaita. Kule ng'ambo kile kilemba kikainama, mkono ukapanda sikioni.

"Namba gani, tafadhali?" ikasema sauti ya Mama, safi, changamfu, sauti ya msichana kazini.

"Mama, ni mimi. Kaa chini hapo hapo."

"Unataka namba gani, dada?"

Msusi akavuta pumzi. Kuna sauti anayotumia saluni kwa wateja wanaohangaika kitini, ya chini, ya kubembeleza, na akaitafuta mpaka akaipata. "Sina haraka, mama yangu. Kaa kwanza tuongee. Kaa kwenye hiyo ngazi, usitikisike, nakaribia kumaliza." Na Mama, Mungu mkubwa, akakaa. Msusi akamuuliza habari za kazi, Mama akamwambia laini zina kelele leo, kuna upepo. Akamuuliza kama ana watoto. "Wawili, wa kike," akasema Mama. "Wako shule. Yule mdogo hana adabu lakini ananichekesha." Msusi aliuma kidole chake. Maji yalikuwa ngazi tatu chini ya miguu ya Mama, kisha mbili, kisha moja.

"Mwambie apande juu," Mwalimu akamnong'oneza. "Unamchekea nini? Mwambie maji yanajaa!"

"Atashtuka."

"Mwambie ukweli!" Akaipokonya simu. "Mama! Maji yanajaa! Umeachwa peke yako huko, hakuna mtu!"

Kilemba kikasimama ghafla. "Nani ameachwa?" ikasema sauti ya Mama, sasa ya mtu mwenye hofu. "Ni watoto? Nakuja, nakuja!" Na akashuka ngazi moja, maji yakamfika vifundoni.

Mwalimu aliishikilia simu kama kitu kilichomuunguza. Msusi akaichukua, na ile sauti ya saluni haikuwepo tena, akaitafuta hakuiona. Yaliyomtoka hakuyapanga. Alilia tu, mwanamke mzima mwenye saluni na wafanyakazi, kama mtoto aliyepotea sokoni: "Namtaka mama yangu! Nipe mama yangu, namtaka mama yangu!"

Kule ng'ambo Mama akatulia.

"Usilie, dada," akasema kwa upole. "Usikate. Baki kwenye laini, nikutafutie."

Wakamwona akigeuka. Akapanda ngazi moja baada ya nyingine, akaivua simu shingoni, akaitua juu ya ukuta, taratibu, kama kitu cha ofisi, akaingia langoni. Kilemba kikapotea kati ya kuta.

Maji yakafunika ngazi aliyokuwa amekalia, kisha ile ya juu yake. Msusi alibaki na simu sikioni. Ndani yake mlikuwa na upepo, na ndani ya upepo, mbali, mara upande huu mara upande ule, sauti ya Mama ikipita chumba hadi chumba katika mji usio na watu. "Kuna mama wa mtu humu? Kuna simu yako. Mtoto analia." Kimya. Nyayo. "Hodi! Kuna mama wa mtu?" Mwalimu akasogeza sikio lake kwenye simu ile ile, shavu kwa shavu na mdogo wake. Boti ikafika hatimaye, Shemeji na mlinzi wakarukia ndani, injini ikaunguruma, wakaenda. Wale wawili hawakusogea. Waliogopa laini isije ikakatika.

Mama alirudi boti ikiwa katikati ya maji. Walimwona akitokea langoni, kilemba kimelegea, anatembea kama mtu aliyechoka sana. Akaichukua simu ukutani.

"Halo? Bado uko, dada?"

"Nipo," Msusi akasema.

"Pole kwa kukusubirisha. Nimemtafuta. Mama yako hayupo."

Ni Mwalimu aliyeinamia simu, yule mwenye kusema ukweli mezani, yule wa roho ya jiwe, akauliza kwa kisauti ambacho mdogo wake alikuwa hajakisikia tangu wakilala kitanda kimoja.

"Umetafuta vizuri?"

"Vyumba vyote, mwanangu," akasema Mama, kama mwanamke yeyote wa umri wake anavyomwambia binti asiyemjua. "Hayupo. Labda ujaribu tena kesho."